Bawasiri, Mama Mkwe na Choo cha Upande wa Pili

Vijana wangu wa zahanati, siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani isiyotembea, kanga ya mke wangu, na nafasi ya kusema machache ambayo mgeni rasmi aliimaliza yote. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza jambo moja tu. Sasa nina meza, nina muda, na mgeni rasmi hayupo, kwa hiyo naliandika. Lisomeni mkiwa mmekaa, ila msikae sana.

Jambo lenyewe ni bawasiri. Najua mmecheka, maana hata pale chuoni mwalimu wetu aliifundisha akiwa amegeukia ubao. Malaria ina semina, ina mabango, ina posho. Bawasiri haina hata wimbo wa shule. Lakini katika miaka yangu ya utabibu huku Mbinga, nusu ya watu walioingia chumbani kwangu kwa mwendo wa bata walikuwa nayo, na karibu wote walisema wamekuja kwa ajili ya mafua.

Wa kwanza alikuwa Bwana Salimu, mwenye duka pale Kihagara, ambaye baba yake alikuja kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa akaoa na kubaki. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Iringa, bado nina vumbi la njia masikioni na nina hamu ya kuokoa maisha ya watu. Akaingia, nikamwamkia, nikamwonyesha kiti.

"Nimekaa vya kutosha, dakta," akasema. "Nina mafua."

Nikamwangalia pua, nikamwangalia koo, nikachukua kalamu. Mzee Haule, mganga mkuu wa zahanati na mwalimu wangu wa kweli, alikuwa dirishani anavuta sigara yake. Akaizima ukutani.

"Kijana," akaniambia, "mtu akija na mafua halafu hataki kukaa, usimwangalie pua."

Kumbe Bwana Salimu alikuwa anashinda kutwa juu ya kreti la soda, asubuhi mpaka jioni, haendi popote kwa kuogopa kuibiwa, na anakula ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga bila jani lolote la kijani. Mzee Haule akamlaza ubavu, akatoa kile kibomba kifupi cha chuma cha kuchungulia njia ya haja kubwa. Mimi nikashika tochi, nayo ilikuwa haiwaki mpaka uipige kofi. Glovu za siku zile hazikuwa za kuvaa na kutupa kama zenu. Tulizifua, tukazichemsha, tukazianika kwenye kamba nyuma ya zahanati vidole vikiangalia chini, kisha tukazipaka poda. Wageni wa kijiji walidhani tunakausha matumbo ya mbuzi.

Tulipomaliza, Mzee Haule alinieleza kitu ambacho mwalimu wa chuo aliuambia ubao. "Bawasiri haiingii mtu kutoka nje," alisema. "Kila binadamu anazaliwa na vile vifuko laini vya mishipa ya damu pale mlangoni. Vinafanya kazi ya ile pete ya mpira kwenye chupa ya chai: vinaziba, upepo na maji visitoke bila ruhusa. Sasa mtu akikamua kila siku, akikaa chooni muda mrefu, akibeba mizigo mizito, au mama akiwa na mimba kubwa, damu inajaa mle, pete inavimba, inalegea, inateremka. Ya ndani haiumi sana, inatoa damu nyekundu tu na kumtisha mwenyewe. Ya nje ikigandisha damu, hapo utasikia mtu mzima anamwita mama yake."

Bwana Salimu, ambaye alikuwa anafunga mkanda, akasema, "Mimi nilimwita bibi."

Tukampa maagizo: mboga za majani, papai, maji ya kutosha, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu, na kusimama dukani kila mara. Alipona. Baada ya hapo alinisalimia kwa kelele barabarani, "Mhehe wangu, mla mbwa!", na mimi kila aliponitania nilimuuliza mbele za watu kama mafua yamerudi. Alikuwa anatafuta haraka kitu cha kupanga kwenye rafu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Ninyi mmezaliwa mmekuta kila kitu dukani, hamwezi kujua. Ghafla wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milimani na fedha taslimu, mitumba ikamwagika, maduka ya dawa yakafunguliwa na watu waliokuwa wanauza misumari wiki iliyopita. Na mashine za kukoboa mahindi zikafika. Watu waliokula dona tangu enzi za babu zao wakaanza kula sembe jeupe, wakilitandaza juani mbele ya nyumba hata kama limeshakauka, ili wapitaji waone. Pumba wakapewa nguruwe. Ikawa nguruwe wanapata choo laini na wenye nguruwe wanalia chooni.

Magazeti nayo yakazidi. Zamani lilikuwa moja au mawili, yakifika yamepitwa na habari. Sasa yakaja ya kila rangi, mengi ya udaku. Mwalimu mkuu mmoja alikuwa anaingia nayo chooni na kusoma kuanzia kichwa cha habari mpaka matangazo ya viwanja. Nilimwambia chanzo cha maradhi yake ni gazeti, asome barazani. Akanijibu, "Dakta, nikisoma haya barazani wanafunzi wataniona." Nikamwambia achague, heshima ya mbele au ya nyuma. Alifikiri muda mrefu sana kwa mtu msomi.

Walionichosha zaidi ni mafundi wa mizizi wa mnadani. Kuna mmoja alikuwa na kipaza sauti cha betri na chupa zilizopangwa kama jeshi. Alitangaza kwamba bawasiri inatokana na kukalia jiwe lililopigwa jua, na kwamba inaua nguvu za kiume. Basi mawe yote ya kule Maguu, milimani, yakabaki matupu. Wanaume wakawa wanakunywa pombe ya ulanzi wamesimama, kila mmoja akimchunguza mwenzake nani anajikuna. Aliyekuwa na bawasiri ya kweli akaificha zaidi kuliko zamani, maana sasa aliogopa mke atahesabu mengine. Fundi yule aliwatibu kwa siri nyuma ya banda kwa unga unaochoma nyama. Nilipokea mtu wake mmoja aliyebaki na kovu lililobana njia kiasi kwamba kwenda haja kukawa sawa na kupitisha ngamia kwenye tundu la sindano. Sikucheka siku ile. Nilimshika mkono kwa muda mrefu, nikamwandikia rufaa.

Maguu nilihamishiwa wakati huohuo, na huko ndiko nilikooa na kumpata mwanangu Benno. Otilia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkali, mzuri, anayecheka kwa pua. Sikuwa na habari kwamba kwa kumwoa yeye nilikuwa napoteza wagonjwa. Ukoo wao ulikuwa umejaa mlima mzima. Baada ya harusi kila mwenye uchungu nyuma akawa ni baba mdogo, mama mkubwa, au binamu wa mama mkwe, na nani atamvulia mkwe? Walikuja na mafua. Nikawaambia wakae, wakabaki wamesimama.

Aliyezidi wote kwa kushika adabu hiyo ni mama mkwe wangu mwenyewe, Mama Otilia. Alikuwa mjane, mkulima wa kahawa, mwanamke ambaye alichimba mwenyewe ngoro zake, yale mashimo ya kulimia, kwenye mteremko ambao mbuzi wangeomba msaada. Ndiye aliyetupa kiwanja cha kujenga, pale juu ya nyumba yake. Lakini hakuwahi kunitazama usoni wala kunitamkia neno moja kwa moja. Tukikutana njiani aliingia kwenye mibuni mpaka nipite. Nikisema shikamoo, marahaba ilitoka kwenye majani. Hakula nilipo, hakukaa nilipo. Akiwa na ujumbe na hakuna mtu wa kumtuma, aliuambia kitu chochote kilichokuwa karibu. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao alikiambia chungu, "Chungu, waambie wageni maji ya kuoga yako nyuma." Nikadhani amechanganyikiwa. Otilia akanikanyaga mguu.

Mwaka mmoja, wakati wa kuchuma kahawa, Otilia alirudi kutoka kwa mama yake akiwa hana kicheko. Mama alikuwa anapumzika kila baada ya ngoro mbili tatu. Viganja vyake vimekuwa vyeupe. Na kwenye kamba ya nguo Otilia ameona kanga iliyofuliwa ikashindwa kutakata.

"Nimemuuliza mpaka amekubali," aliniambia. "Ni ule ugonjwa wako. Anao siku nyingi. Ameshaongea na yule wa mnadani, mnada ujao atamtoa."

"Kumtoa vipi?"

"Kwa ule unga."

Nilimkumbuka yule mtu wa kovu. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo sikumwambia Otilia wakati ule: damu kutoka huko kwa mtu wa umri wake si lazima iwe bawasiri. Kuna uvimbe wa utumbo unaotoa damu hiyohiyo, na wenyewe hauna mzaha wala tiba ya beseni. Watu wengi wamekufa wakiwa wanajitibu bawasiri ambayo hawakuwa nayo.

"Aende hospitali ya misheni," nikasema. "Nitaandika rufaa."

"Hataki. Anasema ukiandika wewe, ina maana umejua. Na ukijua, umeona."

Mchana wa Jumamosi tukashuka wote wawili. Mama alikuwa ndani ya jiko anapukuchua maharage. Mimi nikakaa nje, upande wa pili wa ukuta wa udongo, na Otilia akasimama mlangoni awe mkalimani. Nikamnong'oneza swali la kwanza. Otilia, mwalimu wa sayansi kimu, aliyefundisha uzazi wa sungura mbele ya wavulana arobaini, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mimi siwezi kumuuliza mama yangu hayo," akasema, na akaondoka zake kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Nikabaki na ukuta. Pembeni yangu, ndani ya tenga, kulikuwa na kuku mwekundu anatamia, asiyeweza kukimbia. Nikakohoa.

"Kuku," nikasema, "hivi mtu akienda haja, damu inakuwa nyekundu au nyeusi kama masizi?"

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Nikajua ukwe umekwisha, nitarudishwa Iringa na mahari yangu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta, pole pole.

"Kuku, mwambie huyo anayeuliza, ni nyekundu. Inadondoka mwishoni, kama ya kuchinjwa. Wewe usiogope, leo hatukuchinji."

"Kuna kitu kinatoka nje?"

"Kipo. Zamani kilirudi chenyewe, kama mtoto mwenye adabu. Siku hizi mpaka kisukumwe."

"Na mwili, kuku, unapungua? Choo kinabadilika, mara cha kuhara, mara chembamba kama kamba?"

"Mwili ni uleule. Kilichopungua ni pumzi. Na choo ni mawe. Mawe matupu."

Vijana, nisikilizeni hapa. Katika maisha yangu yote ya kazi sijapata maelezo ya mgonjwa yaliyonyooka kama yale. Hakuna mafua, hakuna kuzunguka. Watu wana mengi ya kusema kuhusu miili yao. Wanachokosa ni mahali pa kuangalia wakati wanasema. Tangu siku ile sikumtazama tena mgonjwa wa bawasiri usoni wakati wa kumuuliza. Nilifuta kibomba, nikapanga chupa, nikaongea na dirisha.

Nikaendelea kwa kujiamini, maana chanzo nilikuwa nacho mfukoni. "Kuku, yule mtu anakula sembe?"

"Sembe la nini? Anakula dona na maharage na majani ya maboga."

"Maji hanywi."

"Anakunywa kama ng'ombe."

Hotuba yangu yote ikaniishia mdomoni. "Basi mawe yanatoka wapi?"

Ungo ukawekwa chini. "Kuku, huyu ana maswali mengi. Hebu muulize nyumba yake iko wapi."

"Iko pale juu," nikasema.

"Na mlango wake unaangalia wapi?"

Nikageuka nikatazama. Mlango wangu ulikuwa unaangalia bonde zuri sana. Mbele ya mlango kilikuwepo kiti changu cha uvivu. Chini mteremkoni, peupe kabisa bila hata mgomba mmoja wa kuzuia, ilikuwepo njia nyembamba kutoka jiko la mama mkwe kwenda chooni kwake.

"Basi mwambie," sauti ikasema, na sasa ilikuwa imepata moto, "mtu mzima haendi chooni mkwe amekaa pale kama anaangalia mpira. Alfajiri yupo anapiga mswaki. Jioni yupo na chai. Jumapili yupo kutwa. Mtu anabana. Mpaka akisikia mlango umefungwa, haja yenyewe imeshakasirika. Tangu mwaka ule mlipojenga."

Mwaka ule tulipojenga! Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti miaka yote nikisoma kuhusu sababu za bawasiri. Mtu akibana haja, utumbo unaendelea kunyonya maji, choo kinakauka, na kukitoa ni kazi ya kusukuma lori. Hilo nililijua vizuri. Sikujua tu kwamba kizuizi chenyewe kilikuwa mimi, nimevaa kaptula.

Lakini kujua chanzo si kujua ugonjwa. Nikavuta pumzi. "Kuku," nikasema, "wewe huwezi kuona kule, na mimi sina ruhusa. Ila lazima aone mtu. Inaweza kuwa ni bawasiri tupu. Inaweza pia kuwa kitu kingine kinachojificha nyuma yake, na hicho kinaua. Yule wa mnadani akichoma juu, cha ndani kitabaki kinakula. Mwambie mama naogopa."

"Anaogopa nini?"

"Mwambie naogopa kumzika."

Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa mdogo. Huyu, ambaye nilikuwa sijawahi kuuona uso wake vizuri, alikuwa ananiachia ndizi mlangoni kila Ijumaa.

Kuku akajigeuza juu ya mayai yake. Hatimaye mama akajibu. "Kuku, mwambie aandike hiyo karatasi. Ila asiandike mama mkwe. Aandike mwanamke mkulima. Na kule asije."

Sikwenda. Otilia alimpeleka kwa lori la kahawa, amelalia ubavu juu ya magunia. Nami nikabaki na kazi mbili, kusubiri na kuchimba. Shemeji yangu Osmund alikuja na sururu, mimi nikashika sepetu, tukachimba shimo upande wa pili wa nyumba ya mama, nyuma ya mibuni, mahali ambapo hata ningepanda juu ya paa nisingeona kitu. Osmund hakuuliza kwa nini choo kinahamishwa. Aliniambia tu, akiwa ndani ya shimo mpaka kifuani, "Shemeji, umechelewa." Kumbe ukoo mzima ulijua, na mlima mzima ulikuwa unangoja tabibu agundue.

Zile siku za kusubiri sikuweza kula. Kila lori lililoshuka nililisikiliza. Niliwatibu watu vikohozi huku akili iko wodini, nikijiambia kwamba choo cha mawe na mwili usiopungua ni dalili njema, kisha nikijikumbusha wagonjwa niliowaona wakiwa na dalili njema na ambao hawapo.

Walirudi siku ya mnada, na fundi wa mizizi alikuwa anatangaza kule bondeni bila mteja wake. Otilia akashuka wa kwanza. Alicheka kwa pua, nami nikajua kabla hajasema. Daktari amechungulia mpaka ndani, hakuna uvimbe. Ni bawasiri tupu, kubwa, za siku nyingi. Amezikata. Amempa vidonge vya kuongeza damu na akamwambia asibane haja tena maisha yake yote.

Mama Otilia akateremshwa kwa uangalifu. Mimi, kwa adabu, nikageukia mibuni. Nikasikia Osmund anamwonyesha choo kipya, mlango wake wa mabati ya mitumba, njia yake iliyofyekwa. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, na majirani wamejaa uani kumpokea mgonjwa. Akatembea mwendo wa bata mbele yao wote, akaingia, akafunga mlango. Watu tukasimama pale kama tunangoja matokeo ya uchaguzi. Akakaa muda unaofaa, wala si zaidi. Akatoka.

Hatua zake zikaja upande wangu na hazikukata kwenda kwenye majani. Zikasimama. Nikainua macho, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Otilia amechukua macho ya mama yake.

"Baba Benno," akaniambia mimi, usoni, mbele ya ukoo, "choo ni kizuri."

Otilia akadondosha sufuria. Macho yakaanza kunijaa. Nikaligeukia sepetu lililokuwa limeegemea ukuta.

"Sepetu," nikasema, "mwambie mama, asante."